Kifo na Mkaapweke: Karata Mbili na Mwali Aliyewekwa Ndani Uluguru

Saa sita usiku, chumba cha kupanga Kihonda, Morogoro, bando la usiku limeanza kuhesabu. Binti amemaliza chuo, kazi hakuna, jamaa anasoma meseji hajibu, na mama kijijini kila Jumapili anapiga kuuliza "vipi mwanangu, bado?" Anafungua video. Mdada mwenye kucha ndefu anachanganya karata na kusema kama video hii imekufikia, basi ni yako. Anatoa mbili. Ya kwanza ni mifupa iliyopanda farasi. Ya pili ni mzee mwenye taa, amesimama peke yake juu ya mlima.

Kifo na Mkaapweke.

Huko chini komenti zinamiminika. "Naipokea." "Hii ni mimi kabisa." "Jamani nife tena?" Binti wa Kihonda ni mfano tu, lakini ukimtafuta Moro, Dar, Nairobi hata Muscat, hutamkosa. Na kabla hajazima simu na kulala na hofu, kuna stori ya hizi karata inayomhusu kuliko yule mdada wa kucha anavyojua, na sehemu yake kubwa iko kwenye ile milima anayoiona akifungua dirisha asubuhi.

Kwanza tuondoe presha. Wasomaji wa taroti karibu wote watakwambia karata ya Kifo, namba 13, haimaanishi msiba. Inamaanisha kitu kimefika mwisho na kingine kinaanza: kazi, mapenzi, umri, mji. Mkaapweke, namba 9, ni kujitenga, kukaa kimya na kutafuta jibu ndani yako. Zikitoka pamoja, ujumbe unakuwa huu: maisha yako ya zamani yamekufa, nenda kakae peke yako mpaka ujue wewe sasa ni nani.

Ujumbe mzuri. Ila ni nusu.

Taroti haikuanza kama uaguzi. Ilianza kama mchezo, kaskazini mwa Italia, karne ya 15, mezani kwa watu wenye hela zao. Karata za kawaida zilikuwa zimeshaingia Ulaya karne moja hivi kabla, zikitokea Misri ya Wamamluki, zikiwa na alama 4: vikombe, panga, sarafu na fimbo za kuchezea polo. Waitaliano wakaongeza karata za picha zenye nguvu ya kuzila nyingine zote, wakaziita trionfi. Neno hilo Wareno wakalifanya trunfo. Na Wareno walipokaa pwani yetu wakicheza karata, Mswahili akalisikia na kulifanya lake: turufu.

Ndiyo, turufu. Ile unayoificha kijiweni mpaka mwisho, halafu unaibamiza mezani watu wanapiga kelele. Kifo ni turufu. Mkaapweke ni turufu. Na si hiyo tu. Waulize wazee wanaocheza karata majina ya zile alama 4, watakwambia kopa, shupaza, uru na pau. Hayo yote ni Kireno pia, na ukiyarudisha kwao ni vikombe, panga, dhahabu na magongo, yaani alama zilezile 4 za taroti mpaka leo. Neno karata lenyewe lilikuja na meli hizohizo. Kwa hiyo anayesema taroti ni kitu kigeni kabisa ambacho vijana wamekiokota TikTok, babu yake amekuwa akitamka majina yake chini ya mwembe miaka yote.

Mambo ya kutabiri yalikuja baadaye sana. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba karata hizi zimebeba hekima ya siri ya makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao, lakini stori ilikuwa tamu, na stori tamu haihitaji ushahidi ili isambae. Ndani ya miaka michache Paris kulikuwa na watu wanaoishi kwa kuwasomea wengine karata.

Sasa mwangalie yule mzee. Kwenye moja ya seti kongwe kabisa, zile zilizochorwa kwa mkono kwa ajili ya watawala wa Milano katika karne ya 15, mkononi hana taa. Ana chombo cha mchanga cha kupimia saa, kile ambacho mchanga unadondoka punje kwa punje kutoka juu hadi chini. Waitaliano wa zamani hata walimwita Mzee, au Wakati. Hakuwa mtu aliyekimbilia mlimani kutafuta utulivu wa moyo. Alikuwa anahesabu. Baadaye, wachoraji walivyozidi kunakiliana, saa ile ya mchanga ikageuka taa, na mzee akageuka mtawa. Kifo naye, kwenye seti maarufu za Ufaransa, mara nyingi aliachwa bila jina. Turufu nyingine zina jina lake limeandikwa chini, yake ina namba tu. Labda watu waliogopa hata kuliandika.

Picha unazoziona leo kwenye simu nyingi zinatoka kwenye seti moja iliyochapishwa London mwaka 1909. Mawazo yalikuwa ya A. E. Waite, michoro ya Pamela Colman Smith, msanii wa kike ambaye sehemu ya utoto wake ilipita Jamaica. Yeye ndiye aliyempa Kifo farasi mweupe, na mfalme aliyeanguka chini, na mtoto aliyepiga magoti bila woga, na kule nyuma kabisa jua katikati ya minara miwili. Ndiye aliyemweka Mkaapweke juu ya kilele chenye theluji na nyota ndani ya taa. Karata hizo zimeuzwa dunia nzima. Yeye alifariki mwaka 1951 akiwa na madeni.

Mwaka huohuo wa 1909, Paris, kilitoka kitabu ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na karata. Arnold van Gennep alikuwa amekusanya habari za mila za watu wengi, mtoto anavyozaliwa, kijana anavyoingizwa utu uzima, bibi harusi anavyohamishwa, maiti anavyosindikizwa, akaona zote zina mwendo mmoja. Kwanza unatolewa ulikokuwa. Halafu unakaa katikati, si huku si kule. Mwisho unarudishwa ukiwa mtu mwingine. Ziweke karata mbili mbele ya huo mwendo uone. Kutolewa ni Kifo. Kukaa katikati ni Mkaapweke. Je, kurudishwa iko wapi?

Hiyo ndiyo nusu iliyobaki.

Na huku kwetu, mwaka huohuo, Morogoro ilikuwa chini ya Mjerumani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha miaka miwili tu kabla. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika mjini mwaka 1907, ikileta mizigo, askari na maneno mapya. Juu yake milima ileile, wingu lilelile. Na huko milimani, kwenye nyumba fulani, ndani kabisa, amekaa msichana ambaye hakuna aliyeandika jina lake. Ameshavunja ungo. Amewekwa ndani.

Anaitwa mwali. Jina lake jingine kwa sasa halitumiki sana.

Waluguru, kama jirani zao Wakutu, Wakwere, Wakaguru na Wazaramo, hufuata ukoo wa mama. Tawi la ukoo huitwa tombo, yaani titi: walionyonya ziwa moja wana shamba moja. Ndiyo maana msichana kuvunja ungo halikuwa jambo lake na mama yake tu, la kunong'onezana bafuni. Ukoo mzima ulikuwa umeongezewa mlango. Ardhi, jina na mizimu vingepita kwake. Mtu wa thamani hiyo haachwi azurure na maswali yake.

Basi anaingizwa ndani. Jua halimgusi. Kazi nzito hafanyi. Anaongea kwa sauti ya chini, kwa watu wachache. Anakula vizuri, anapakwa mafuta, ngozi inang'aa mpaka unamwona ni kama mtoto mchanga. Zamani ilikuwa miezi mingi, wengine mwaka na kuzidi. Yule mtoto aliyekuwa akichunga kuku na kuchota maji mtoni amekufa, na watu wanalisema hilo kwa matendo bila kuuma maneno. Kwa Wazaramo na majirani zao, Waluguru wakiwemo, mwali aliweza kupewa mwanasesere wa mti, mwana hiti, asiye na mikono wala miguu, mwenye kichwa chenye nywele zilizosukwa kwa juu. Anamwogesha, anampaka mafuta, anamlea. Siku hizi wengi wa hao mwana hiti wamo kwenye makabati ya vioo Ulaya, na wanauzwa kwa bei ambayo ingejenga nyumba Kinole.

Mtafiti wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, aliishi na Wazaramo miaka ya 1960 na akaandika kitabu kizima juu ya mambo haya mwaka 1970. Kuhusu Waluguru wenyewe, James Brain alichapisha makala mwaka 1978, na kwenye kichwa chake akaita desturi ya mwali kuzaliwa upya. Si kufundwa tu, si kusubiri mume tu. Kuzaliwa. Nyumba yenye giza inafanya kazi ya tumbo, na mtu hatoki tumboni kabla ya muda wake.

Hapo ndipo karata ya Mkaapweke inapopata shida ikifika Uluguru. Mlima wake ni mtupu, una theluji na ukimya. Milima ya Uluguru haiko hivyo. Jina la Waluguru lenyewe linatokana na mlima, watu wa milimani, na simulizi zao zinasema mababu walipanda huko kutafuta usalama. Walipanda wengi. Panda Mgeta leo uone matuta ya mboga yanavyong'ang'ania mteremko, nyumba juu ya nyumba, moshi juu ya moshi, migomba mpaka kwenye ukingo wa msitu wa hifadhi. Mto Ruvu unaanzia humo, na maji yake yanafika kwenye mabomba ya Dar. Hata aliyekuwa akiishi pangoni huko, mzimu wa Kolelo, hakuwahi kuachwa peke yake: Wazaramo walipanda kutoka bondeni kwenda kumwomba mvua. Kwa hiyo mtu mmoja kusimama mlimani na taa yake, mwenye mlima angemuuliza kwanza, "Wewe, umepotea? Wa ukoo gani?"

Mwali alitengwa, lakini hakuwa mpweke. Watu huchanganya haya mawili. Alikuwa na kungwi, mama mtu mzima, si mama mzazi, kwa sababu kuna mambo mama hawezi kumwambia mwanawe akiwa ameangaliwa usoni. Alikuwa na bibi, aliyeruhusiwa kumtania. Usiku wanawake waliingia na ngoma na nyimbo zenye mafumbo, ambayo akishayafumbua hayasemi nje. Nyuma ya ukuta kijiji kilikuwa kinajua yumo, kinanyamaza kwa ajili yake, na kinamwandalia siku. Aliyeshika mlango hakuwa yeye. Hilo lina uzuri wake, na lina ubaya wake pia, tutafika.

Mila hazikuishia kwa mwali. Morogoro ina Waislamu wengi, na mjane wa Kiislamu akifiwa na mume anakaa eda miezi 4 na siku 10. Hiyo ni Kifo na Mkaapweke waziwazi, bila kuchanganya karata. Ila ina hesabu. Mjane anajua siku ya kutoka, ndugu wanaijua, majirani wanaijua, na siku hiyo ikifika analetewa nguo na watu wanakula. Mzazi anahesabiwa arobaini yake. Msiba una arobaini yake. Mwalimu wa madrasa, nyakanga wa kijijini na yule Mwitaliano wa karne ya 15 hawakuwahi kuonana, lakini wote walishika chombo kilekile cha mchanga. Upweke wa mpito ulikuwa unapimwa.

Binti wa Kihonda yeye ameambiwa akae peke yake mpaka "ajipate". Mpaka lini? Mdada wa kucha hakusema. Nani atamletea chakula? Nani anajua kwamba yumo ndani? Wenzake wanamwona yuko online, wanajua yupo poa. Amefiwa na maisha yake ya zamani bila matanga, na ameingia ndani bila kungwi. Algorithimu itamletea Mkaapweke mwingine kesho usiku, na keshokutwa, kwa sababu kazi yake ni kumfanya abaki, si kumtoa.

Kuna wanaosema si bora basi apande dala dala akamwone mtaalamu apigiwe ramli ya kwetu. Ramli ni neno la Kiarabu, ni mchanga, ule uliochorwa alama za kusomwa, na pwani nzima imeijua kwa karne nyingi. Ila tusidanganyane. Ramli chonganishi, ile inayomtaja shangazi au bibi wa jirani kuwa ndiye mchawi wako, imewaua vikongwe katika nchi hii. Karata ya Kifo, pamoja na sura yake yote ile, angalau haina kidole cha kumwonyeshea jirani.

Na tusimpambe mwali kupita kiasi pia. Hakuulizwa. Wengine waliingia ndani wakiwa watoto na walipotoka mume alikuwa ameshapatikana, posa imeshajadiliwa, na kilichobaki ni wao kubebwa. Wamisionari walizipinga ngoma hizo tangu walipofika milimani, kwa sababu zao. Lakini kilichomkata mwali miguu, au kumrudishia, inategemea unaongea na nani, ni shule. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, mwali aliyekaa ndani mwaka mzima akawa mtoro kwenye daftari la mahudhurio. Miezi ikapungua ikawa wiki. Wiki zikasogezwa ziingie kwenye likizo.

Sheria nayo ilichelewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa kibali cha mahakama, wakati mvulana alitakiwa awe na 18. Mwaka 2016 marekebisho ya Sheria ya Elimu yakaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vya ndoa vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kesi hiyo haikuwa dhidi ya unyago. Lakini mtu yeyote aliyekulia Moro anajua ni mlango gani ulikuwa unajadiliwa: mwali akitoka, anatoka kwenda wapi?

Bibi wa Matombo ukimuuliza atakujibu kwa ukali kwamba walifundwa adabu, usafi, heshima na namna ya kuishi na watu, na kwamba mnaolaumu hamkuingia. Mjukuu wake anayesoma SUA atakwambia bibi, mimi nilitaka kuwa daktari wa mifugo. Wote wawili wanasema kweli, na wanakula sahani moja.

Kinachoshangaza ni jinsi sehemu ya tatu ilivyogoma kufa. Kukaa ndani kumepungua, mafundisho yamepunguzwa, mwanasesere ameenda kwenye makumbusho, lakini kutoka kumebaki. Tena kumekuwa kukubwa. Fika Morogoro likizo ya Desemba, mitaa ya pembezoni au vijiji vya chini ya mlima, utakuta turubai limefungwa, spika mbili, sufuria za pilau, akina mama wamevaa sare. Mwali anatoka amebebwa mabegani, macho chini kama alivyofundishwa, shanga shingoni, na noti za elfu mbili na elfu tano zinabandikwa usoni na kichwani huku watu wakicheza. Shangazi aliyekuja na treni ya umeme kutoka Dar asubuhi hiyohiyo ameshika simu juu, analaivu. Bodaboda wamesimama kuangalia. Mtoto mmoja anauliza huyo ni nani, na mama anamwambia si unamjua, yule wa mama fulani, na mtoto anakataa, anasema yule namjua, huyu si yeye.

Ngoma ikiisha saa za jioni, mwali anateremshwa, anakalishwa mkekani, na mtu anahesabu zile noti. Sehemu itaenda kwenye daftari na sare. Shule inafungua Januari.